Ufundi wa Kudhoofisha Jiwe

Dari ya mgodi haikujengwa na mtu. Mchimbaji anapoondoa makaa ya mawe, chumvi au mawe yenye dhahabu, kinachobaki juu ya kichwa chake ndicho dari: tabaka la mwamba lililolala hapo kwa mamilioni ya miaka likiwa limeegemea mwamba mwingine kila upande, na ambalo sasa, kwa mara ya kwanza, linatakiwa lijibebe lenyewe. Mchimbaji hajui unene wake wote. Nyufa zilizo ndani hazioni. Wala hawezi kulijaribu mpaka livunjike ili ajue kikomo chake, maana likivunjika yeye yuko chini yake.

Kwa sababu hiyo, tangu karne ya 19 wamekuwapo watu wachache ambao kazi yao ni kuivunja dari hiyo maabarani, mahali ambapo haimuui mtu. Huijenga upya kwa udogo, tabaka juu ya tabaka, wakaichimba chini yake kidogokidogo, kisha wakakaa kuitazama inavyopinda, inavyopasuka na inavyoporomoka. Ni kazi ya polepole, isiyo na sifa mitaani, na nimeipenda kwa sababu moja kubwa. Mafundi wengi tunawasifu kwa kutengeneza kitu imara. Hawa ustadi wao ni kutengeneza kitu dhaifu, tena dhaifu kwa kipimo kamili, wasizidishe wala wasipunguze.

Mmoja wa watangulizi wao ni Mfaransa Henri Fayol. Waliosomea uongozi wa biashara wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1916 na kanuni zake 14 za usimamizi. Wachache wanajua kwamba kabla ya hayo alikuwa mhandisi wa migodi, aliyeanza kazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 19. Mwaka 1885 alichapisha uchunguzi wake kuhusu namna ardhi inavyosogea mgodi unapochimbwa, na ndani yake mlikuwa na majaribio ambayo hadi leo yanatajwa katika vitabu vya uhandisi wa miamba.

Jaribio mojawapo lilikuwa hivi. Alichukua boriti na kuzilaza moja juu ya nyingine, zote zikiegemea kwenye ncha zake mbili, zikisimama badala ya matabaka ya mwamba juu ya uwazi wa mgodi. Kila alipoongeza boriti juu, alipima ile ya chini kabisa imeshuka kiasi gani. Mwanzoni ilizidi kupinda. Kisha ikafika hatua ambapo boriti mpya zilizidi kuwekwa na ile ya chini haikushuka tena. Uzito wa zile za juu ulikuwa umepata njia nyingine: ulikuwa unakwenda pembeni, kwa msuguano wa boriti na boriti, mpaka kwenye maegemeo. Fayol akaeleza kwamba juu ya uwazi mwamba hujitengenezea tao, na kwamba mwamba ulio chini ya tao hilo ndio dari hasa, ule unaomtishia mchimbaji.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mtu aliye mita 300 chini ya ardhi. Matimba yake, yaani magogo ya kushikilia dari, hayawezi kubeba mita 300 za mlima, na hayahitajiki kuzibeba. Yanahitajika kubeba kile kipande kilichojitenga na tao. Swali la uhai na kifo linakuwa: kipande hicho ni kinene kiasi gani, na tao linasimama wapi? Swali hilo lina kipimo, kwa hiyo linaweza kujibiwa.

Hata hivyo, anayetaka kulijibu kwa modeli hukutana mara moja na kikwazo ambacho Galileo alikieleza mwaka 1638 aliposema kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa na mifupa yenye umbo lilelile la mnyama mdogo. Uzito wa kitu hukua pamoja na ujazo wake, lakini nguvu zake hukua pamoja na eneo la mkato wake tu. Ukikipunguza kitu, uzito unapungua upesi kuliko nguvu. Ndiyo maana kitu kidogo daima huonekana hodari kuliko mkubwa wake.

Tuchukue dari ya mwamba yenye upana wa mita 6 kutoka egemeo hadi egemeo na unene wa sentimita 60. Kwa uzito wake wenyewe tu, mkazo wa kuuvuta mwamba huo pale unapozidi kabisa hufika takribani kilopaskali 750. Sasa chonga dari hiyohiyo, kwa jiwe lilelile, katika kipimo cha moja kwa 50: upana sentimita 12, unene milimita 12. Mkazo umeshuka hadi kilopaskali 15. Jiwe lile halina habari. Unaweza kuliacha juu ya meza mwaka mzima na halitakuambia lolote kuhusu mgodi, kwa kuwa umelipunguzia kila kitu isipokuwa uimara wake. Modeli ya namna hiyo inapendeza macho, lakini inadanganya, tena inadanganya upande wa hatari, kwa kumhakikishia mtu usalama ambao haupo.

Kuna njia mbili za kuifanya iseme kweli, na kila moja ina mafundi wake.

Njia ya kwanza ni kulidhoofisha jiwe. Kama modeli ni ndogo mara 50, basi itengenezwe kwa kitu kilicho dhaifu kwa kiasi kinacholingana na udogo huo. Katika miaka ya 1930 huko Leningrad, G. N. Kuznetsov na wenzake waliikuza njia hii hadi ikawa taaluma kamili, nayo ikaenea Ulaya na baadaye China, ambako bado inatumika sana katika vyuo vya uchimbaji wa makaa ya mawe.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida kabisa: mchanga, jasi, chokaa na maji. Ugumu uko kwenye vipimo. Mchanganyiko ukikauka huwa mwepesi kuliko mwamba, na wepesi huo nao unaingia kwenye hesabu. Tuseme mwamba wa kweli una kilo 2,500 kwa kila mita ya ujazo na mchanganyiko una kilo 1,600. Basi katika kipimo cha moja kwa 50, mwamba unaostahimili mgandamizo wa megapaskali 60 utawakilishwa na kitu kinachostahimili megapaskali 0.77 hivi. Kitu hicho unaweza kukivunja kwa vidole. Fundi hutengeneza vipande vya majaribio kwa viwango mbalimbali vya jasi na chokaa, huviacha vikauke, huvivunja kwenye mashine ya kupimia, huandika, hurudia. Jasi ikizidi kidogo, tabaka linakuwa gumu kuliko inavyotakiwa na kazi nzima imeharibika kabla haijaanza. Na kwa kuwa mgodi hauna tabaka la aina moja, fundi hutafuta mchanganyiko mmoja wa jiwe la mchanga, mwingine wa jiwe la udongo, mwingine wa makaa yenyewe.

Kisha huanza kujenga. Ndani ya fremu ya chuma, yenye urefu wa mita kadhaa na unene usiozidi sana upana wa tofali, humwaga mchanganyiko kiasi cha tabaka moja, husawazisha, hushindilia kwa uzito uleule na idadi ileile ya mapigo, ili kila sentimita iwe na msongamano sawa na jirani yake. Jasi huganda haraka, kwa hiyo hutia boraksi kidogo ili ajipatie dakika za kufanya kazi. Tabaka likikaa sawa, hunyunyizia unga wa ulanga juu yake. Vipande vya ulanga ni vyembamba na vinateleza, na tabaka linalofuata haliwezi kuvishika. Hapo ndipo anapouweka mpaka wa matabaka, ile sehemu ambayo katika mwamba wa kweli huachia kwanza. Kwa kisu chembamba hukata nyufa za wima kwa nafasi zilizopimwa na wanajiolojia ndani ya mgodi wenyewe. Halafu hurudia: tabaka, ulanga, kisu. Modeli moja inaweza kuwa na makumi ya matabaka, na fundi mzuri hamalizi la mwisho kwa haraka kuliko alivyoanza la kwanza.

Ikishajengwa, huachwa ikauke kwa siku nyingi, mbao za pembeni zikitolewa moja baada ya nyingine ili unyevu utoke sawasawa. Matabaka ya juu ambayo fremu haiwezi kuyachukua huwakilishwa na vipande vya chuma au shinikizo la mitambo. Usoni hubandikwa alama kwa safu, ambazo zamani zilisomwa kwa darubini ya kupimia na siku hizi hufuatwa na kamera. Ndipo uchimbaji unaanza, nao una saa yake. Vitu vinapoanguka, muda hupungua kwa kipeuo cha pili cha kipimo cha modeli. Katika moja kwa 50, siku nzima ya mgodini ni saa 3 na dakika 24 hivi. Kwa hiyo fundi hukata kipande cha makaa kinacholingana na kazi ya siku moja, huacha, hungoja saa zake, hupima, kisha hukata tena.

Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana. Kisha, juu kidogo ya uwazi, mstari wa ulanga unaanza kuonyesha kivuli chembamba. Tabaka la chini limeachana na lile la juu yake, pengine kwa nusu milimita. Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Baadaye ufa hutokea upande wa juu wa tabaka, pale linapokutana na maegemeo, kwa kuwa hapo ndipo linapovutwa zaidi. Kisha mwingine upande wa chini, katikati. Tabaka limegawanyika, na kipande kinashuka. Lililo juu yake linabaki likining'inia kutoka pembeni, likitokeza kidogo kuliko lililoanguka, na la juu zaidi likitokeza tena, hivyo uwazi unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyopanda. Na kifusi kinachukua nafasi kubwa kuliko mwamba ulipokuwa mzima, mpaka kinafika kulijaza tundu na kuyashika matabaka ya juu. Tao alilolikisia Fayol limejichora lenyewe mbele ya mtazamaji.

Nadhani wachimbaji wazoefu wangeielewa modeli hiyo bila kufundishwa. Katika migodi ya nchi nyingi mzee wa kazi hugonga dari kwa nondo kabla ya kumruhusu mtu aingie, na akisikia mlio mtupu anaamuru mwamba uangushwe au uwekewe mhimili. Mlio huo ni ule uwazi wa nusu milimita uliotokea kwenye mstari wa ulanga. Modeli imemwonyesha kwa macho kile ambacho sikio lake lilikuwa limekijua siku zote.

Njia ya pili haigusi jiwe hata kidogo. Inaongeza uzito. Mfaransa mwingine, Édouard Phillips, aliipendekeza mwaka 1869 kwa ajili ya kuchunguza madaraja: kama modeli ni ndogo mara 50, izungushwe kwa kasi mpaka kila chembe yake iwe nzito mara 50. Pendekezo lilikaa kwenye karatasi kwa miaka 62. Mwaka 1931 Philip Bucky, mwalimu wa uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha kazi yake kuhusu matumizi ya modeli katika matatizo ya uchimbaji, akiwa amelitekeleza. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, G. I. Pokrovsky naye alikuwa akiifuata njia hiyo huko Urusi ya Kisovieti. Kwa hiyo mashine za sentrifuji ambazo leo zinatumika duniani kote kujaribu mabwawa, misingi ya majengo na kuta za udongo zina mizizi yake, kwa upande wa Marekani, katika hofu ya dari ya mgodi.

Uzuri wa njia ya Bucky ni kwamba unaweza kutumia mwamba wenyewe. Ile dari yetu ya sentimita 12, iliyochongwa kwa jiwe kutoka mgodini, hufungwa kwenye mkono wa mashine. Mkono ukiwa na urefu wa mita moja na ukizunguka mara 210 hivi kwa dakika, kila gramu ya jiwe inakuwa na uzito wa karibu gramu 50, na mkazo ndani yake unarudi kuwa zile kilopaskali 750 za mgodini. Fundi huongeza kasi taratibu hadi jiwe livunjike, na kasi hiyo inamwambia dari ya kweli ingevunjika ikiwa na upana gani. Hapa pia mna mambo madogo yanayotenganisha fundi na mbahatishaji. Uzito unaozalishwa na mzunguko unazidi kadiri unavyokwenda mbali na kitovu, kwa hiyo sehemu ya chini ya modeli huwa nzito kidogo kuliko ya juu. Modeli ikiwa ndefu mno kwa mkono mfupi, imeshapotoka. Upande wa pili wa mkono lazima uwe na uzito wa kusawazisha, uliopimwa kwa uangalifu uleule. Na kwa kuwa jicho haliwezi kukifuata kitu kinachozunguka hivyo, mwanga hupigwa kwa kumwekamweka, ukilingana na mzunguko, ili modeli ionekane imesimama tuli huku inazunguka.

Mwaka 1938 Bucky na mwenzake Taborelli walionyesha jambo ambalo hesabu za wakati huo hazikuwa zimelisema. Walipanua uwazi chini ya boriti nzima isiyo na ufa. Kwenye upana fulani ufa wa wima ukatokea katikati, upande wa chini. Walipoendelea kupanua, ufa mpya ulitokea karibu na katikati mpya, ukachukua nafasi ya ule wa kwanza. Dari ilikuwa imepasuka, na bado ilikuwa imesimama. Mwaka 1941 W. H. Evans alieleza sababu: vipande vya dari iliyopasuka husukumana kwa pembeni na kubanana dhidi ya maegemeo, vikawa tao bapa linalojishikilia kwa mgandamizo. Tangu hapo mhandisi alipoona ufa hakuuliza tu kama dari imevunjika. Aliuliza kama maegemeo bado yanaisukuma, maana tao hilo huanguka pale msukumo wa pembeni unapolegea, au vipande vinapoteleza kwenye maegemeo, au pembe zao zinaposagika.

Faida kubwa zaidi kwa mchimbaji ilikuja na boliti za dari. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Idara ya Migodi ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1910 baada ya mfululizo wa maafa ya makaa ya mawe, ilihimiza migodi itoboe dari na kukaza vyuma virefu ndani yake badala ya kuijaza njia matimba. Wengi walijiuliza chuma chembamba kinawezaje kushika mlima. Louis Panek wa idara hiyo alichukua boriti za matabaka membamba, akazifunga boliti ndogo zilizokazwa kwa nguvu iliyopimwa, akazizungusha kwenye sentrifuji. Ripoti zake za mwaka 1956 na ile ya 1962 zilitenganisha kazi mbili za boliti. Kwanza hulining'iniza tabaka dhaifu kwenye tabaka imara la juu. Pili huyabana matabaka yasiteleze. Shika bunda la karata ncha mbili ulikunje: linakunjika kwa sababu kila karata inateleza juu ya mwenzake. Libane katikati kwa nguvu, nalo litagoma. Panek alipima mgomo huo, akaugeuza kuwa michoro ambayo mhandisi wa mgodi angeweza kuisoma na kuamua boliti ziwe na urefu gani, nafasi gani, zikazwe kiasi gani.

Mafundi hawa hawakudai kwamba modeli inajua yote. Maji yanayolainisha jiwe la udongo mwezi baada ya mwezi ni magumu kuyaweka ndani ya fremu. Mwamba mkubwa una kasoro nyingi kuliko kipande kidogo kilichokatwa kutoka ndani yake, kwa hiyo kipande hujionyesha hodari kupita kiasi. Tarehe 21 Januari 1960 nguzo za makaa zilizoachwa zishikilie dari katika mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, ziliporomoka na kuwafukia wachimbaji zaidi ya 430, wengi wao wakiwa wametoka Lesotho na Msumbiji. Baada ya msiba huo watafiti Miklos Salamon na Munro hawakutegemea maabara peke yake. Walikusanya historia za nguzo 125 za kweli, 27 kati yake zikiwa zimeanguka, na mwaka 1967 wakatoa fomula ya uimara wa nguzo. Mwaka 1971 Peter Cundall akaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kufuata mwendo wa vipande vya mwamba kimoja kimoja. Leo programu hufanya kwa saa chache kazi iliyomchukua fundi miezi. Lakini programu hutii sheria ulizoiandikia. Mchanga na jasi hutii sheria za dunia, hata zile ambazo hukuzifikiria, na ndiyo maana watafiti bado wanajenga modeli ili kuzikagua kompyuta zao.

Kwetu Tanzania, ambako taarifa ya habari haikosi wachimbaji waliofukiwa na kifusi, naona ufundi huu una nafasi. Hauhitaji mtaji wa kutisha. Jasi inachimbwa Makanya na Kilwa, ulanga umewahi kuchimbwa milima ya Uluguru, mchanga na chokaa haviulizwi. Fremu moja ya chuma inatosha kumwonyesha mwanafunzi wa madini, na hata kiongozi wa kikundi cha wachimbaji wadogo kutoka Geita au Mererani, nguzo moja ikipunguzwa unene nini kinazipata nguzo jirani, na kwa nini uwazi wa mita 4 unasimama mahali ambapo wa mita 6 unaanguka.

Ningependa kila anayesomea usimamizi wa mgodi ajenge walau modeli moja kwa mikono yake. Kabla hajaichimba, aandike kwenye daftari itapasuka wapi na lini. Kisha achimbe, angoje saa zake, na aandike kando ya utabiri wake kile ambacho dari imefanya. Mtu aliyezoea kulinganisha hivyo utabiri wake na ukweli, bila kuficha tofauti, ndiye ninayetaka awe na mamlaka ya kuwaambia wenzake kwamba leo dari ni salama, ingieni.